Darubini na Kitunguu Chake: Maisha ya Dada Yangu

Ndugu wa familia, majirani, walimu na wanafunzi wa marehemu, nanyi wenzangu wa hospitali mliokuja na sare zenu kwa sababu zamu inaanza saa nane: marehemu aliacha agizo kwamba wasifu huu niuandike na niusome mimi, mdogo wake wa pekee. Waliopanga ratiba waliniomba usizidi ukurasa mmoja, na nisiweke mambo ya ndani. Nimewasikia. Lakini agizo ni la marehemu, na amri za marehemu nimezitii tangu nikiwa na miaka miwili.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 3 Septemba 1958, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama mshonaji. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye, mchana kweupe. Nataja saa kwa sababu Mama alipenda kusema kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na kila aliposema hivyo macho yalikuwa kwa dada. Siku moja nikamuuliza mimi nilizaliwa saa ngapi. Akanijibu, "Wewe ulikuja nikiwa nafua." Mama, najua upo hapo mbele. Usiniangalie hivyo, ulisema.

Jina la Darubini, ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua, alilipata akiwa na miaka tisa. Alichukua lenzi mbili kutoka kwenye meza ya baba, akazifunga ndani ya bomba la karatasi ngumu, akatoka nalo uani kuutazama mwezi. Nilisimama nyuma yake nikimvuta gauni. Aliniambia ningoje zamu yangu. Nikangoja. Zamu yangu ilipofika, wingu lilikuwa limeshafunika, na mtoto akaambiwa akalale. Tangu wiki ile mtaa mzima ulimwita Darubini, na mimi wakaniita Mdogo wa Darubini, mtu ambaye hata hilo bomba hakuwahi kuliweka jichoni.

Marehemu alianza masomo mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, ambako alishika namba moja kila muhula isipokuwa mmoja, alipougua surua. Muhula huo alishika namba mbili, akalia siku tatu. Mimi nilipopita madarasa yale yale, walimu walikuwa bado wana sura yake kichwani. Mwalimu wa hesabu alinirudishia daftari akaniambia, "Kumbe ni kweli mnachangia mama?" Mwaka 1978 aliingia chuo kikuu kusoma fizikia, akahitimu mwaka 1982 kwa daraja la kwanza, na mwaka uliofuata akaenda ng'ambo kwa masomo ya juu, akilenga kuzitazama nyota kwa darubini za kawaida.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana vitabu vya watu wengine havitasema. Mimi nilimaliza mafunzo ya kupiga picha za eksirei mwaka 1984 na nikaajiriwa mwaka huo huo katika hospitali ya mkoa, chumba namba nne, mwisho wa korido, karibu na stoo ya mashuka. Marehemu aliacha darubini za kawaida akahamia kwenye eksirei za nyota mwaka 1986. Kwa hiyo katika familia hii aliyeingia kwenye eksirei kwanza ni mimi. Aliponiandikia barua kunijulisha, nilimjibu kwa mstari mmoja: "Hata hii?" Naomba hilo nalo liandikwe.

Mwaka 1988, akiwa amesharudi nyumbani kufundisha chuo kikuu, marehemu alifunga ndoa na fundi wa lifti, ambaye yupo hapa kando yangu. Walikutana lifti ya chuo ilipokwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, marehemu akiwa ndani na mafaili yake. Shemeji alipofanikiwa kufungua mlango baada ya dakika hamsini, marehemu hakutoka. Alimwambia, "Nipe dakika mbili nimalize mstari huu." Shemeji alisema pale pale alijua kwamba huyu mwanamke ataolewa na kazi yake na yeye atakuwa mume wa pili, lakini moyo ulikuwa umeshapenda. Mwaka 1991 walijaliwa binti mmoja.

Kazi ya marehemu mmeisikia kwenye redio, ila kwenye redio walipenda sana kutia chumvi, acha niieleze mimi. Nyota kubwa ikimaliza kuni zake hulipuka. Baada ya mlipuko hubaki wingu la gesi lenye moto wa mamilioni ya nyuzi, linalotanuka kwa maelfu ya miaka. Moto wa kiasi hicho hutoa eksirei. Hewa yetu huizuia eksirei hiyo isitufikie chini, jambo zuri kwa afya zetu na baya kwa dada, kwa hiyo picha hupigwa na chombo kinachozunguka huko juu. Wala huendi tu ukabonyeza kitufe. Unaandika maombi, jopo linasoma, wengi wanakataliwa. Marehemu alinyimwa mara tatu. Mwaka 2001 alipokubaliwa, alipewa saa ishirini na mbili, na kwa saa zote hizo chombo kilipokea chembe za eksirei moja moja, kama mtu anayekinga ndoo chini ya bomba linalodondosha. Ndoo ilipojaa, picha ikatoka: pete ndani ya pete, mabaki ya nyota iliyokufa zamani. Ilikuwa na namba ndefu kwenye vitabu. Sisi nyumbani tuliiita Kitunguu, kwa sababu shemeji alipoiona alisema, "Hiki si kitunguu kilichokatwa katikati?"

Picha moja kwa saa ishirini na mbili. Mimi wakati huo nilikuwa napiga wagonjwa arobaini kwa siku, wengine wamebebwa, wengine wamelewa, na hakuna jopo lililowahi kunipigia makofi. Marehemu aliwaambia watu wa redio kwamba kalsiamu iliyo kwenye mifupa yetu ilipikwa ndani ya nyota kama zile. Wakashangaa, wakamwita tena wiki iliyofuata. Kalsiamu hiyo mimi nilikuwa naiona kila siku, imevunjika vipande viwili.

Na Mama, ambaye Mungu ampe umri, alitengenezewa picha ya Kitunguu kwenye fremu ya kioo. Akaitundika sebuleni. Mahali pale palikuwa na cheti changu. Cheti nikakikuta koridoni, juu ya mita ya maji. Nilipouliza, Mama alisema pale koridoni hakipigwi jua. Nilimwonea dada gere. Nalitaja neno hilo mbele yenu kwa kuwa yeye mwenyewe alilijua, na kwa kuwa kijiba cha roho kinachofichwa hakiponi. Nilikuwa namfuatilia kama anavyofuatiliwa mdaiwa: kasafiri wapi, kahojiwa na nani, kavaa nini. Kitu kimoja tu nilichokuwa nacho na yeye hakuwa nacho ni binti yake. Kila likizo mtoto alikuja kwangu. Alifanyia hesabu zake nyuma ya bahasha za eksirei, aliniambia siri zake za shule, na akiumwa alimlilia mama mdogo. Nakiri nilifurahia kuliko inavyofaa.

Sasa nafika Agosti mwaka 2010, mambo ya ndani niliyoombwa niyaache.

Marehemu alikuja hospitali mchana ili twende tukale pamoja. Nilikuwa sijamaliza. Kwenye sanduku la taa nilikuwa nimebandika filamu mbili za kifua cha seremala mmoja, zilizopishana miezi minane, na mkononi nina kikombe cha chai.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Naangalia kama hiki kivuli kimekua."

"Si uweke kivuli juu ya kivuli, ulinganishe?"

"Nikiweka kivuli juu ya kivuli nitaviona vimefanana," nikamwambia. "Mgonjwa hasimami vilevile mara mbili. Kwanza naoanisha vitu visivyosogea, uti wa mgongo, mifupa ya bega. Hivyo vikikaa sawa, kilichosogea kinajitaja chenyewe."

Akafungua mkoba akatoa picha mbili za Kitunguu, ile ya 2001 na nyingine aliyopewa mwaka 2009. Alisema ana mwaka mzima anatafuta pete imetanuka kiasi gani katika miaka minane, maana ukijua mwendo wake unaweza kurudi nyuma hadi siku ya mlipuko ukajua nyota ilikufa lini. Lakini kila alipoweka ukingo juu ya ukingo, picha zilimwambia hakuna kilichosogea. Nikazichukua nikazibandika. Zilikuwa safi, pete katikati na weusi mtupu pembeni.

"Mifupa iko wapi?" nikamuuliza.

"Mifupa gani?"

"Vitu visivyosogea."

"Pembeni kulikuwa na vidoa. Vitu vya mbali kabisa, havihusiani na Kitunguu. Nilivifuta mwanzoni ili picha ionekane vizuri."

"Dada, umefuta mifupa ukabakiza ugonjwa. Sasa utalinganisha na nini?"

Aliziangalia picha zile muda mrefu. Kisha akazibandua, akaziweka mkobani, akaondoka. Chakula cha mchana nilikula peke yangu, na mwavuli wake ulikaa chumba namba nne hadi Oktoba.

Alivirudisha vidoa vyake. Vilikuwa kumi na saba. Akavioanisha kidoa kwa kidoa, na pete ikaonekana imetanuka kwa kiasi cha unene wa uzi wa kushonea ukiutazama kutoka upande wa pili wa uwanja wa mpira. Vitabu vilikuwa vinasema Kitunguu kina umri wa miaka elfu nane. Hesabu ya marehemu ilionyesha hakifiki hata elfu mbili na mia mbili. Makala ilitoka mwaka 2011, na mwaka 2012 akapewa tuzo kubwa, na chuo kikampandisha kuwa profesa kamili. Njia yake ya kutafuta kwanza kisichosogea ilianza kufundishwa, na wanafunzi wake kumi na mmoja walioko hapa wanaitumia.

Makala niliisoma jikoni nimesimama. Kurasa kumi na nne sikuelewa. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na shukrani, na katika shukrani mstari huu: "Mwandishi anamshukuru mtaalamu mmoja wa eksirei wa hospitali kwa mazungumzo yenye manufaa." Nikageuza karatasi kuona kama jina liko nyuma.

Mtaalamu mmoja. Jina lake analijua, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuliandika. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kwenye sherehe, nikapiga makofi, nikala keki, nikacheka penye kuchekwa. Ila tangu siku ile kila mtu aliyeniambia "hongera kwa dada yako" nilimjibu "asante" nikiwa nimeuma meno, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi na moja, tukitembeleana, tukipelekeana maembe na mitungi ya gesi, neno lenyewe likiwa katikati yetu limekaa kimya.

Ugonjwa wa marehemu ulianza na kikohozi kikavu mwishoni mwa mwaka 2021. Alisema ni vumbi la chaki, ingawa chaki ilikuwa imeondolewa chuoni zamani. Shemeji alimbembeleza aende kwa wataalamu wakubwa. Akakataa. Alisema kama ni kupigwa picha ya kifua, atapigwa na mdogo wake.

Alikuja Jumatano tarehe 9 Februari 2022, saa tatu asubuhi, amekaa kwenye benchi na wagonjwa wengine na kikaratasi chake cha namba kumi na nane. Sikumruhusu mtu ampitishe mbele, na nakiri haikuwa kwa ajili ya haki. Nilitaka angoje zamu. Ilipofika, akaingia, akaliangalia sanduku la taa la zamani ambalo sasa tunaweka juu yake chupa za sabuni ya mikono.

"Leo zamu yako kutazama," akasema.

Nikamsimamisha kwenye bamba la picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele. Alikuwa amekonda, mabega yake niliyashika kama ya mtoto. Nikarudi nyuma ya kioo.

Kazi yetu ina maneno matatu: vuta pumzi, shikilia, pumua. Nimeyasema kwa miaka thelathini na minane, kwa wazima na kwa mahututi, kwa sauti ile ile, hata usingizini mume wangu amewahi kunisikia. "Vuta pumzi," nikamwambia. Akavuta. "Shikilia." Akashikilia. Nikabonyeza. Picha ikaja kwenye skrini, na nilichokiona nilikijua kabla haijamaliza kutokea.

Neno la tatu sikulisema. Halikunijia. Nilikuwa natazama skrini, na dada alikuwa kule amesimama kidevu juu, amebana pumzi kama alivyoambiwa. Maisha yake yote hakuwahi kunitii katika jambo lolote, na siku hiyo alitii. Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilisikia kikohozi, kisha sauti yake.

"Hujaniambia nipumue."

Nikaikuza picha kwenye skrini.

"Kwa hiyo ni kibaya," akasema.

"Huwezi kujua kwa picha moja," nikamwambia. "Sina ya zamani ya kulinganisha."

"Usinifundishe kazi uliyonifundisha wewe mwenyewe."

Ndivyo nilivyolisikia neno nililolingoja miaka kumi na moja, nikiwa nimeweka mkono kinywani, nyuma ya kioo, namba kumi na tisa akigonga mlango.

Baadaye, tukiwa nyumbani kwake wakati wa matibabu, nilimuuliza kwa nini hakuandika jina langu. Hakukwepa. Alisema aliliandika, akalifuta. "Ungeitwa wewe redioni," akaniambia. "Na wewe unaeleza vizuri kuliko mimi. Hata binti yangu akitaka kueleweshwa kitu anakupigia wewe." Akapumzika kidogo, maana kuongea kulikuwa kunamchosha. "Wewe unaowapiga picha wanatoka mlangoni wanakwambia asante. Wanaenda nyumbani. Wangu wote walikufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa na kitu kimoja tu, nacho ukakiona kabla yangu ukiwa unakunywa chai. Roho iliniuma." Nikamwambia nami iliniuma. Akasema alijua, tangu siku ya keki. Tulicheka mpaka muuguzi aliyekuwa akimhudumia pale nyumbani akaja kutazama kuna nini.

Siku hiyo ndipo alipotoa agizo. "Utakaposoma, sema. Mimi nitakuwa nimelala, sitaweza kukukatiza." Alitaka kuwaandikia wenye jarida warekebishe ule mstari, akaanza barua, na mkono ukakataa. Barua ile ninayo. Ina salamu na jina langu, basi.

Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 17 Julai 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika wodi ya ghorofa ya pili ya hospitali niliyofanyia kazi, akiwa na mume wake, binti yake na mimi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mama, mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja, wanafunzi kumi na mmoja, na Kitunguu, ambacho kinaendelea kutanuka bila kuuliza nani amekufa. Picha ya tatu aliyoiombea imekubaliwa na itapigwa mwakani. Binti yake ameniomba niwepo itakapotoka, na nimekubali, nitaioanisha mwenyewe.

Nilidhani nikishayasema haya nitapata nafuu. Nimeyasema, na bado namwonea wivu. Alitangulia kuzaliwa, akatangulia shule, akatangulia kusifiwa, na hata huku ametangulia, ameniacha uani nikingoja zamu yangu, sina wa kumvuta gauni.

Lakini lipo neno moja ninalodaiwa, na deni la marehemu hulipwa kabla ya udongo. Siku ile ulishikilia pumzi ukiningoja, nami sikulisema. Picha imeshatoka, dada. Imetoka vizuri. Haya sasa, pumua, upumzike kwa amani.